"Hii Ni Karatasi Tu": kwa nini taifa changa linarudi vitani na aliyelitawala

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka mama zangu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma mpaka kwenye ngazi. Haya ndo maneno niliyosema Jumamosi pale Kirumba, Mwanza. Wengi mliomba niyaandike maana maiki ilikuwa inakatika na upepo wa ziwa siku ile haukuwa na huruma, kwa hiyo nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema, pale nilipoongeza kitu ni kwa sababu muda ulinibana na watu wa swala walikuwa wanataka kuondoka.

Naanza na swali, na swali lenyewe sio langu. Kuna kijana anavua dagaa, nilimfundisha toka akiwa kidato cha kwanza, siku moja tumekaa mwaloni tunasubiri mitumbwi iingie akaniuliza, mwalimu, wale Wamarekani si walishampiga Mwingereza wakapata uhuru wao? Mbona nasikia walipigana naye tena? Uhuru unao mkononi, vita ya pili ya nini? Nikampa majibu ya kwenye daftari, biashara, mipaka, mabaharia, akaniangalia tu. Alafu akanisimulia yaliyomkuta yeye mwenyewe ziwani.

Walikuwa wanne kwenye mtumbwi, usiku wa giza, taa zinawaka juu ya maji kama mnavyoziona kutoka hapa mlimani, upepo ukawasukuma mbali kuliko walivyotaka. Wakakutwa na boti ya watu wenye bunduki, ni akina nani na wa nchi gani sisemi, haitusaidii leo. Wakaulizwa ninyi watu wa wapi, wakasema, wakatoa vitambulisho. Nyavu zikachukuliwa, mafuta ya injini yakachukuliwa, na hilo anasema alilimeza. Kilichomkaa kooni mpaka leo ni yule mtu mmoja aliyeshika kitambulisho chake, akakimulika na tochi, akasema "hii ni karatasi tu", akakiachia kwenye maji.

Mwalimu, akaniambia, siku ile ningekuwa na nchi nzima nyuma yangu ningepigana.

Mimi nimefundisha historia miaka mingi, lakini pale mwaloni ndo niliielewa vita ya 1812 kwa mara ya kwanza. Mambo yote mengine mtakayoyasikia leo, ya meli na pamba na Canada, yapo na nitayasema, ila kiini chake ni hicho alichokisema huyu kijana, kwamba umepewa karatasi inayosema wewe ni mtu huru wa nchi huru na yule aliyekutawala jana anaishika anasema hii ni karatasi tu.

Sasa twende taratibu. Makoloni 13 yalitangaza uhuru 1776, wakapigana, na mkataba wa amani ukasainiwa Paris mwaka 1783, Mwingereza akakubali kwa maandishi kwamba hawa sasa ni nchi yao wenyewe. Kutoka 1783 mpaka 1812 ni miaka 29. Hebu tupige hesabu ya kwetu, 1961 ongeza 29 unapata 1990. Yani tunaongelea taifa lenye umri wa Tanganyika huru ilipofika mwaka 1990, wazee wa uhuru wengine bado wapo, kumbukumbu bado mbichi. Rais wao mwaka 1812, James Madison, ndo yuleyule aliyekuwa mstari wa mbele kuandika katiba yao mwaka 1787. Sensa yao ya 1810 ilihesabu watu milioni 7 na kidogo, na zaidi ya milioni 1 kati ya hao walikuwa watumwa, hilo mliweke akilini tutalirudia, siwezi kuongelea uhuru wa hawa watu nikaliruka hilo.

Na huyo mtawala wa zamani alikuwa nani? Alikuwa ndo dola kubwa kuliko zote baharini, na alikuwa vitani na Ufaransa karibu mfululizo toka 1793. Vita ile ilikuwa inakula watu. Manowari za Kiingereza zilikuwa mamia, kila moja inataka mabaharia, na maisha humo ndani yalikuwa mabaya, mshahara mdogo, viboko, chakula kimeoza, kwa hiyo mabaharia walikuwa wanatoroka. Wanatorokea wapi? Kwenye meli za biashara za Marekani, kule wanalipwa vizuri zaidi na lugha ni hiyohiyo. Ndo hapo Mwingereza akaanza mchezo wa kusimamisha meli za Marekani katikati ya bahari, ofisa anapanda, mabaharia wanapangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, anawaangalia na kuwasikiliza wanavyoongea, wewe, wewe na wewe, shukeni, mnaenda kumtumikia mfalme. Mtu kaondoka nyumbani kupeleka samaki na unga visiwani anajikuta anapiga mizinga vita ya watu wengine, na mkewe hajui kama yupo hai.

Wamarekani walijaribu kuwapa mabaharia wao hati. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1796, baharia anaandikiwa jina, umri, urefu, alama za mwilini, kwamba huyu ni raia wa Marekani. Ni kama namba ya NIDA ya baharia. Mara nyingi haikusaidia kitu. Na hapa lazima niwe mkweli, Mwingereza naye alikuwa na hoja, maana hati nyingine zilikuwa za kununua, watoro wa kweli walikuwa wanazipata kwa hela kidogo na kiapo cha uongo. Lakini tatizo kubwa halikuwa hati feki. Sheria ya Uingereza wakati ule ilisema aliyezaliwa chini ya mfalme ni mtu wa mfalme mpaka anaingia kaburini, hawezi kujivua, ahamie Marekani, aape, aoe huko, azae huko, azeeke huko, bado ni wa mfalme. Sasa nchi ambayo watu wake wengi walizaliwa chini ya mfalme, au wamehamia toka Uingereza na Ireland juzi tu, ukiikubali sheria hiyo umebaki na nini? Makadirio ya waliochukuliwa katika miaka ile yanaanzia kama 5,000 na kupanda. Elfu tano. Jazeni mialo yetu yote ya hapa mjini kwa watu mkapate picha.

Alafu likaja tukio la Juni 22, 1807. Hadi hapo ilikuwa meli za biashara, safari hii ni manowari yenyewe ya serikali ya Marekani, inaitwa Chesapeake, imetoka tu pwani ya Virginia, haijajiandaa kwa lolote, vitu vimerundikwa juu ya sitaha. Manowari ya Kiingereza Leopard ikaifuata, ikataka ikague watoro, kapteni wa Marekani akakataa, Leopard ikafyatua mizinga. Watu 3 wakafa palepale, 18 wakajeruhiwa, bendera ikashushwa, Waingereza wakapanda wakachukua watu 4. Mmoja wao, Jenkin Ratford, kweli alikuwa Mwingereza na mtoro, wakamnyonga kule Halifax. Wale watatu wengine walikuwa Wamarekani. Fikirieni hiyo habari inavyofika kijijini. Mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, mkulima wa Kentucky huko ndani ndani, anaisikia na damu inamchemka kama vile amechapwa yeye kibao.

Hawakukimbilia vitani hata hivyo, na hili napenda vijana mlijue maana siku hizi kila mtu mtandaoni ni jenerali. Thomas Jefferson alikuwa rais, akasema tutampiga kwa biashara. Desemba 1807 wakapitisha sheria ya kuzuia meli zao zisiende nje kabisa, wakiamini Mwingereza bila pamba na nafaka yao atapiga magoti. Kilichotokea ni kwamba wao ndo walikaba shingo yao wenyewe. Mauzo ya nje yalikuwa kama dola milioni 108 mwaka 1807, mwaka uliofuata yakashuka mpaka kama milioni 22. Bandari zikalala, mafundi wa meli wakakaa vijiweni, magendo yakashamiri kuvuka mpaka wa Canada. Machi 1809 wakaifuta.

Nikifika hapo huwa namkumbuka Mwalimu Nyerere na mwaka 1965. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wa kuwakandamiza weusi, Uingereza ikawa inazungukazunguka, nchi za Afrika zikasema kama hamchukui hatua tunavunja uhusiano na ninyi. Ilipofika Desemba 15, 1965 walioitimiza ile ahadi walikuwa wachache, Tanzania tukiwa mmoja wao, nchi yenye umri wa miaka 4, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tunausubiri kutoka London ukaota mbawa. Uhusiano ulirudi 1968. Wapo mpaka leo wanaosema ilikuwa hasara ya bure. Mimi sikubaliani nao, na nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu kuna wakati taifa changa linalipa pesa nyingi ili tu lisikike likisema hapana, na lisiposema mapema litazoeleka kuwa halisemi. Jefferson alijaribu hivyohivyo na pesa ikamshinda, ila sitamlaumu kwa kujaribu njia isiyomwaga damu.

Sasa mbona nasema mabaharia, mabaharia, wakati waliopiga kelele zaidi za vita bungeni walitoka bara, kusini na magharibi, sehemu ambazo hata bahari hakuna? Hili wanahistoria wanabishana mpaka kesho. Akina Henry Clay wa Kentucky, John Calhoun wa South Carolina, vijana, wengi hawakupigana vita ya kwanza, wamekua wakisimuliwa na baba zao. Watu wa New England ambao mabaharia walikuwa watoto wao na meli ni zao ndo walikuwa hawataki vita kabisa, kwa sababu biashara na Uingereza pamoja na usumbufu wote ilikuwa bado inawalipa.

Jibu moja ni ardhi, na siwafichi. Mwingereza baada ya kusaini 1783 aliendelea kukaa kwenye ngome zake za maziwa makuu, Detroit, Niagara, Mackinac, mpaka 1796, mkataba umemtaka aondoke na hajaondoka, hebu fikirieni jeshi la mkoloni lingebaki kambini Mwanza miaka 13 baada ya bendera kushuka. Alafu wenyeji wa asili wa kule, walioanza kukusanyika chini ya kiongozi wa Washawnee aitwaye Tecumseh kuzuia ardhi yao isiendelee kumegwa, Wamarekani wakasema nyuma ya hawa yupo Mwingereza anawapa bunduki. Bunduki kweli alikuwa anawapa. Ila Tecumseh hakuhitaji Mwingereza amfundishe kwamba ananyang'anywa, alikuwa na macho. Novemba 1811 jeshi la Marekani lilichoma kijiji chao kule Tippecanoe wakati yeye hayupo, na baada ya hapo akaingia upande wa Uingereza moja kwa moja. Na wapo Wamarekani waliokuwa wanaiangalia Canada, ambayo bado ilikuwa ya Mwingereza, kwa tamaa. Jefferson, mzee mstaafu sasa, aliandika 1812 kwamba kuichukua Canada mpaka karibu na Quebec ni suala la kutembea tu.

Kwa hiyo heshima na tamaa vilisafiri kwenye mtumbwi mmoja. Huo ndo ukweli wa vita nyingi, na mtu akikuletea sababu moja safi iliyooshwa ikapigwa pasi, muulize vizuri.

Madison akapeleka barua yake bungeni Juni 1, 1812, na lalamiko la kwanza aliloliweka kwenye barua ni lile la mabaharia kukamatwa, kabla ya biashara na kabla ya mambo ya wenyeji. Bunge la wawakilishi likapiga kura 79 kwa 49, seneti 19 kwa 13. Hiyo ndo mara ya kwanza Marekani kutangaza vita rasmi, na kura zenyewe mnaziona, nchi imepasuka katikati. Juni 18 Madison akasaini. Na hapa ndo huwa nashika kichwa kila mwaka nikilifundisha, siku mbili kabla, Juni 16, serikali ya Uingereza ilishalieleza bunge lake kwamba inaziondoa amri zake za kuzuia biashara ya Marekani, lile lalamiko lingine kwenye barua ya Madison, na Juni 23 zikaondolewa. Waziri mkuu wao Spencer Perceval alipigwa risasi Mei 11 palepale kwenye jengo la bunge, mambo yakachelewa wiki kadhaa. Habari zilikuwa zinasafiri kwa tanga. Kama kungekuwa na simu, wengine wanasema vita isingekuwepo. Mimi nadhani ingeweza kuwepo bado, maana habari ilipofika Washington walisema haya, biashara mmeachia, na watu wetu je? Mwingereza akasema mabaharia hapana. Vita ikaendelea kwa hilo moja.

Wazee wa hapa na wa Kagera mnaikumbuka hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978, Amin kaingia, na Mwalimu akataja vitu vitatu, uwezo, sababu na nia. Mimi napenda kuvitumia kama mizani ya vita yoyote. Hawa Wamarekani sababu walikuwa nayo. Nia, nusu nusu. Uwezo? Manowari hazifiki hata 20 dhidi ya mamia. Jeshi dogo, majenerali wazee, hela hakuna. Agosti 16, 1812 jenerali Hull alisalimisha Detroit na watu zaidi ya 2,000 kwa jeshi dogo kuliko lake, kwa sehemu kubwa kwa hofu ya wapiganaji wa Tecumseh waliokuwa msituni. Oktoba pale Queenston wanamgambo wa New York walisimama ukingoni mwa mto Niagara, wakawaangalia wenzao wanapigwa ng'ambo, wakakataa kuvuka, wakisema sisi tuliapa kulinda jimbo letu, sio kuvamia nchi ya watu.

Ila kuna kisa cha ziwa, na siwezi kusimama Mwanza nikakiacha. Kule nako ziwa limekatwa na mstari. Mkataba wa Paris 1783 ulipitisha mpaka katikati ya maziwa yao, Ontario, Erie, Huron, Superior, kama ambavyo Mwingereza na Mjerumani mwaka 1890 walilikata ziwa letu kwenye digrii 1 kusini bila kumuuliza Mkerewe wala Mhaya. Ziwa Erie halifiki hata nusu ya letu. Lakini aliyelishika ndo alikuwa analisha jeshi, maana barabara zilikuwa tope tupu na msitu, unga na baruti vyote vinapita majini. Akatumwa ofisa kijana, Oliver Hazard Perry, miaka 28 alipopigana, aende akaunde meli ufukweni, kwa miti iliyokatwa palepale na bado mibichi, mafundi na kamba na vyuma vinaletwa toka mbali, toka Philadelphia na Pittsburgh. Mnakumbuka MV Victoria yetu nayo iliundwa Scotland ikaletwa vipandevipande ikaunganishwa Kisumu, ziwa la bara halina mlango, meli lazima izaliwe ufukweni.

Septemba 10, 1813 wakakutana, meli 9 za Perry na 6 za Uingereza. Meli yake kubwa ikapondwa, wengi wa watu wake wamelala chini, akashuka kwenye boti ndogo, akapigiwa makasia katikati ya risasi mpaka meli nyingine inayoitwa Niagara, akarudi nayo kwenye mapigano, na kabla jua halijazama meli zote 6 za Kiingereza zimesalimu amri. Kati ya mabaharia wake walikuwepo watu weusi, na Perry ambaye mwanzoni alinung'unikia kuletewa mchanganyiko wa watu wa aina hiyo alikuja kuwasifu. Bila ziwa Waingereza wakakosa chakula Detroit, wakarudi nyuma, na Oktoba 5 Tecumseh akauawa kwenye mto Thames. Na sisi hapa Wajerumani walipoikimbia Mwanza Julai 1916 wakaelekea Tabora ni kwa sababu ileile, ziwa lilishakuwa la Mwingereza.

Mengine napita haraka. Wamarekani walichoma majengo ya serikali kule York, inayoitwa Toronto leo, Aprili 1813, na Agosti 24, 1814 Waingereza wakaingia Washington wakachoma bunge na ikulu, Madison amekimbia. Mwezi uliofuata wakaushambulia mji wa Baltimore, ukawashinda. Nani alishinda? Hiyo mnaweza kubishana mpaka dagaa wakauke.

Nataka nikae kidogo kwenye kitu kinachohusu ile karatasi. Pale Queenston kati ya mateka Waingereza waliwatoa pembeni watu 23, waliwajua kwa lafudhi, wamezaliwa Ireland. Wakapelekwa Uingereza washtakiwe kwa uhaini. Hawa ni askari wamevaa sare za Marekani, na mfalme anasema ninyi ni watu wangu mmenisaliti. Marekani nayo ikatenga mateka 23 wa Kiingereza, ikasema mkiwanyonga tunanyonga. Waingereza wakatenga wengine 46, Wamarekani nao hivyohivyo, ikafika mahali maofisa wa pande zote wamefungiwa wakisubiri kufa kwa ajili ya swali la mtu huyu ni wa nani. Mwisho hakunyongwa hata mmoja. Ukiniuliza vita ile ilikuwa ya nini, siku hiyo ndo ninayoitaja.

Sasa ile zaidi ya milioni 1 niliyosema tutairudia. Nchi inayopiga kelele kwamba mtu wetu haokotwi kama mzigo ilikuwa inauza watu mnadani. Aprili 1814 admirali Cochrane wa Uingereza alitangaza kwamba yeyote anayetaka kuondoka Marekani akija kwenye meli zake atapokelewa na ataenda huru. Wakaja. Karibu 4,000, wanawake na watoto humo, kwa mitumbwi, usiku, wanapiga makasia kuifuata manowari ya yule anayeitwa adui wa uhuru. Wanaume wengine wakashika bunduki wakarudi kupigana na mabwana zao wa jana. Baadaye wengi walipelekwa Nova Scotia kwenye baridi, mamia wakapewa ardhi Trinidad, vizazi vyao vipo mpaka leo na wanajiita Merikins. Na nchi yao ya zamani ikawadai kama mali iliyoibiwa, kesi ikaenda mpaka kwa mfalme wa Urusi, na mwaka 1826 Uingereza ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa mabwana. Nikiwaza mama mmoja na mtoto mgongoni kwenye ule mtumbwi, naona yeye ndo aliuelewa uhuru kuliko wabunge wote 79.

Na wenyeji wa asili ndo walilipa kuliko wote. Wacreek wa kusini, hata waliopigana upande wa Marekani, Agosti 1814 walisainishwa kuachia zaidi ya ekari milioni 20. Tecumseh amekufa, umoja wake umekufa naye, na Mwingereza aliyewaahidi mambo makubwa alipofika mezani aliridhika na kipengele cha kusema warudishiwe walichokuwa nacho 1811. Hakuna aliyewarudishia.

Mkataba wa amani ulisainiwa Ghent, Ubelgiji ya leo, mkesha wa Krismasi, Desemba 24, 1814. Kila mtu arudi alipokuwa, mipaka ileile. Watu wakaendelea kuuana New Orleans Januari 8, 1815 kwa sababu habari haijafika. Na kuhusu mabaharia, lile jambo ambalo vita iliendelea kwa ajili yake, mkataba haukusema neno hata moja. Mnaweza kuusoma wote, hamtaliona. Napoleon wa Ufaransa alikuwa ameanguka, Mwingereza hakuhitaji tena watu wa kupiga mizinga, ukamataji ukaisha wenyewe. Yule kijana wangu nilipomwambia hili alikasirika, akasema sasa walipigana nini. Nikamwambia meli za Marekani hazikusimamishwa tena namna ile, sio kwa mkataba, ila Mwingereza alijua sasa kwamba hao watu watapigana hata wakijua hawawezi kushinda.

Kwenye maandishi ilichukua muda. Ile sheria ya kwamba aliyezaliwa wa mfalme ni wa mfalme mpaka kufa, Uingereza iliiondoa mwaka 1870, miaka 55 baada ya vita kwisha, na hapo karibu mabaharia wote waliowahi kupangwa mstari kwenye sitaha walishazikwa.

Kijana mwenyewe yupo hapa, amekaa pale karibu na nguzo, ameshapata kitambulisho kingine na wiki hii anaingia tena ziwani. Naona ameinua mkono, mpeni maiki yeye kwanza.